Kisa cha Feza: mfinalisti aliyechoka kutiwa moyo

Kabla ya kisa

Feza si jina lake. Komini (wilaya ya mji), shule, kanisa na kazi za wazazi nimevibadilisha au nimeviacha kabisa. Yeye mwenyewe alisoma maandishi haya kabla sijayatoa, akafuta sentensi mbili. Mji tu ndio sikuubadilisha. Kisa hiki kingekuwa kingine bila umeme wa Lubumbashi unaorudi usiku wa manane, bila baridi ya mwezi wa sita, na bila kaka anayechimba upande wa Kolwezi, mji wa machimbo.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mwaka ule nilikuwa titilere, yaani msimamizi, wa darasa la mwisho la opsyo, yaani mchepuo, ya Kimia-Biolojia: wanafunzi 53, ndio tunaowaita wafinalisti, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 40. Naandika kwa walimu wenzangu, na kwa wazazi wenye mtoto katika mwaka huo. Sehemu kubwa ya kisa hiki ni makosa, na baadhi ni yangu.

Mwaka wenyewe

Kwa msomaji asiye wa Kongo, nieleze kwa ufupi. Sheria ya elimu ya 2014 iliweka miaka minane ya elimu ya msingi, kisha minne ya humanité, yaani sekondari ya juu. Kwa hiyo mwaka wa mwisho ni wa nne, ingawa wazee wengi bado wanauita wa sita kama zamani. Unaishia kwa Exetat, mtihani wa serikali ambao ni mmoja kwa nchi nzima. Kwanza inakuja sehemu ya nje ya kikao: disertasyo (insha), Kifaransa cha mdomo na, kwa opsyo nyingine, kazi za vitendo. Wiki kadhaa baadaye kinafuata kikao chenyewe, siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo. Maswali ni ya kuchagua jibu, na karatasi zinagawanywa kwa seri tofauti ili jicho la pembeni lisimsaidie mtu. Anayefikisha asilimia 50 anapata diploma ya serikali. Asiyefikisha, mlango wa chuo kikuu unabaki umefungwa.

Halafu kuna pesa. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazilipishi, lakini sekondari bado ni minervali, yaani karo, na mwaka wa mwisho unaongeza ada ya kushiriki mtihani, picha, fotokopi za itemu (maswali ya mtihani) za miaka iliyopita, na mengine ambayo kila wiki yanapata jina jipya. Mtoto akifika hapo, watu wengi wamekwisha kuchangia. Ndiyo maana siku ya matokeo mtaa mzima unamwagiana poda nyeupe kichwani, na mwenye kupakwa poda si mwanafunzi peke yake: mama naye anapakwa, hata jirani aliyewahi kukopesha kalamu.

Feza na nyumba yao

Alikuwa na miaka 18, wa tatu kati ya sita, na wa kwanza kwao kufika darasa hilo. Mama anauza unga wa mahindi sokoni. Baba ana kazi ya fundi, inayopatikana wiki hii na kukosekana wiki ijayo. Kaka yake mkubwa aliacha shule akiwa mwaka wa pili wa humanité, akaenda kuchimba kama wengi wa rika lake, na minervali ya Feza ilitoka mfukoni mwake. Ada ya mtihani alikuwa ameiahidi baba mdogo, mwenye duka la vipuri, mtu mwema na mwenye sauti kubwa.

Mwezi wa tisa familia ilikaa kikao. Waliamua kumwondolea Feza kazi zote za nyumbani: hakuna kuchota maji, hakuna kuchekecha unga, hakuna kusonga bukari, yaani ugali. Kazi hizo zilihamia kwa mdogo wake wa miaka 15. Feza mwenyewe akaacha kwaya. Akapewa kona ya sebule, meza na kiti, na wadogo wakakatazwa kupiga kelele.

Ningekuwa mzazi ningefanya vivyo hivyo. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kuhukumu.

Miezi mitano ya kwanza

Mtaa wao ulikuwa na delestaji kali, yaani mgao wa umeme. Mkondo ulikatika alasiri na kurudi kwenye saa tano za usiku, mara nyingine saa sita. Feza akajipanga kufuata SNEL, shirika la umeme: analala saa mbili usiku, anaamka umeme ukirudi, anasoma hadi saa kumi, anajilaza tena kidogo, na saa kumi na mbili yuko njiani kwenda shule. Kwenye karatasi huo ni usingizi wa saa tano hivi. Kweli yenyewe ni kwamba saa mbili usiku hakuna anayelala katika nyumba ya watu wanane, redio ikiwa imewashwa na jirani akisali kwa sauti. Alikuwa akipata saa nne, au pungufu. Ili asisinzie alitia miguu katika beseni ya maji baridi, mbinu ambayo nusu ya wafinalisti wa mji huu wanaijua, na mimi niliitumia zamani zangu.

Buletini, yaani ripoti ya alama, ya kipindi cha kwanza ilimpa 72. Shangwe. Baba mdogo alikuja na soda.

Kipindi cha pili: 54. Alianza kusinzia katika saa yangu, saa ya tatu asubuhi, macho wazi. Alikuwa akinakili ubaoni neno kwa neno, lakini ukimuuliza ameandika nini hajui. Mama alimpeleka kwenye kituo cha afya kupima malaria, haikuonekana. Nyumbani wakazidisha walichokuwa wakifanya. Sala ya jioni iliongezwa ombi kwa ajili ya diploma. Baba mdogo alikuja kila Jumapili baada ya ibada, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Asilimia ngapi, mama?" Kaka alituma ujumbe wa sauti kila Ijumaa: "Soma, mudogo. Mi huku niko nachimba juu yako."

Mwezi wa pili nilitoa interogasyo, yaani jaribio, ya viungo vya uzazi vya mimea, jambo ambalo Feza angeweza kulifundisha yeye mwenyewe. Karatasi yake ilikuwa na jina na tarehe tu. Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata, wala ya tatu. Nilipompigia mama aliniambia binti anatoka kila asubuhi amevaa sare.

Nilichofanya kwanza

Nilifanya kile ambacho karibu kila mwalimu angefanya: nikawaita wazazi. Feza akaja nao, ameinamisha kichwa. Hakusema alikuwa wapi siku zile tatu, nami sikumbana mbele ya baba yake. Nilizungumza karibu saa nzima. Nilitaja umuhimu wa diploma, nilitaja watu waliotoka katika dhiki kubwa kuliko yake, na nilimwita kijana mmoja aliyemaliza kwetu miaka miwili nyuma kwa alama nzuri, aje aeleze siri zake. Mwishoni nikachora ratiba: safu sita, rangi mbili, kila nusu saa na somo lake, kuanzia saa kumi za alfajiri hadi saa tatu usiku. Nilijivunia ratiba ile. Niliipiga hata fotokopi nikabaki na moja.

Iliishi siku tisa. Baba aliibandika ukutani na kuisimamia kama askari wa getini. Feza akichelewa dakika kumi, anaitwa. Akimaliza mapema, anaulizwa kwa nini. Siku ya tisa aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia ya mama yake, akatoka. Safari hii hakuvaa hata sare.

Nieleze kwa nini niliamua vile, maana halikuwa wazo la kijinga. Niliona mtoto asiye na mpangilio na asiye na ari, nikampa mpangilio na ari. Kumbe mpangilio alikuwa nao tangu mwezi wa tisa, mkali kuliko wangu. Na kuhusu ari, mtu mmoja zaidi alikuwa amejipanga kwenye foleni ya wanaomsukuma. Mtu huyo ni mimi.

Karanga

Mdogo wake ndiye aliyeniambia. Nilimkuta kwenye bomba la maji, akajibu bila kunitazama: "Iko kwa kambo." Kambo, bibi yao, anaishi pembezoni mwa mji, mahali ambapo mashamba bado yanaonekana. Nilikwenda Jumamosi. Feza alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya karanga, na ndiko alikokuwa hata zile siku tatu za kwanza. Kambo alinipa kigoda na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, akaniwekea karanga zangu mbele. Basi nikamenya.

Hatukuzungumza kwa muda mrefu. Nasema hili kwa walimu: mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Ofisini kwangu, tukiwa tumetazamana juu ya meza, nilikuwa nimepata "ndiyo, Prof" kumi na mbili.

Kwanza nilimuuliza waziwazi kama amewahi kutamani kufa au kujidhuru. Niliogopa swali hilo, lakini mtoto aliyekonda, asiyelala, aliyeacha kila alichokipenda, ni lazima aulizwe, na kuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Alisema hapana, akashangaa kidogo, kisha akasema anatamani tu "mwaka upite bila mimi". Angejibu vingine ningemtafuta daktari siku ileile, na kisa hiki kisingekuwa changu kukiandika.

Halafu alisema mambo mawili ambayo niliyaandika nilipofika nyumbani.

La kwanza: "Pa karanga, beseni inayala. Unaiona na macho. Pa masomo hakuna kintu inayala." Yaani karanga zinajaza beseni na jioni unaona ulichofanya. Masomo hayajazi chochote. Unasoma hadi saa kumi, na kesho yake rundo liko palepale.

La pili: "Prof, bantu bote banakuya kunitia moyo. Hakuna mwenye anakuya bule tu." Wote wanakuja kumtia moyo; hakuna anayekuja bure, bila sababu. Kila mgeni, kila sala, kila simu ilikuwa inahusu diploma. Kwa kaka yake hakuweza kusema "nimechoka", maana utamwambiaje mtu anayeshuka shimoni kwa kamba kwamba wewe umechoka kukaa kwenye kiti? Alikuwa amefuta ujumbe wa Ijumaa mara tatu bila kuusikiliza, na kila alipoufuta alilia.

Hapo nilielewa kwamba tulikuwa tumesoma ugonjwa vibaya. Hakuwa na upungufu wa kutiwa moyo. Kila neno jema lilifika kama hati ya deni.

Tulichoamua, na sababu zake

Safari hii sikuandika ratiba. Nilimuuliza Feza angependa nini kirudi. Alifikiri, akasema: unga. Alitaka kuchekecha unga na mama yake Jumamosi asubuhi.

Baba alikataa. Kwake ilikuwa kama kumrudisha askari shambani katikati ya vita. Mama ndiye aliyemgeuza, kwa njia zake, na sikuwepo. Ikakubaliwa: Jumamosi asubuhi unga, na jioni mbili kwa wiki Feza anasonga bukari na mdogo wake anapumzika. Sababu yangu ilikuwa rahisi. Tulipomwondolea kazi tulimwondolea na nafasi yake nyumbani. Alibaki kuwa mwanafunzi tu, kwa hiyo alama zikianguka anaanguka mzima. Anayejua kusonga bukari la watu wanane ana kitu anachokiweza hata siku kimia inapomshinda.

Usingizi ulifuata. Tuliachana na umeme wa SNEL. Pesa iliyokuwa ya fotokopi za ziada ilinunua taa ndogo ya sola, akawa analala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na moja kasorobo. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa nane hadi kumi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Yeye alipata saba na kidogo. Si kamili, lakini ni karibu mara mbili ya zile za beseni. Mimi kama mwalimu wa biolojia nilikuwa na aibu yangu hapo: kila mwaka nafundisha mfumo wa neva, najua kwamba yaliyosomwa mchana yanakazwa akilini wakati wa kulala, na bado nilikuwa nimempa ratiba inayoanza saa kumi za alfajiri.

Kwa upande wa masomo tulitafuta kitu cha kujaza beseni. Kila siku itemu kumi za miaka iliyopita, daftari limefungwa, kisha anasahihisha mwenyewe. Alizokosa zinarudi baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Wazo hili si langu. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alionyesha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni na jinsi marudio yaliyoachana siku yanavyoizuia. Na mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena. Feza alikuwa msomaji wa tena na tena. Aliweza kusoma sura moja mara sita, na mara ya sita inaonekana rahisi, ndiyo maana anadhani anaijua.

Yeye akaongeza la kwake. Alitafuta kopo tupu la maziwa ya unga, na kila itemu aliyowahi kuikosa ikipatikana, anatia karanga moja. Kopo likajaa mbele ya macho. Mara mbili wadogo zake walikula maendeleo yake, akaanza upya, na mara ya pili alisimulia darasani huku akicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa kumi na moja.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote: midomo ya watu. Tulikubaliana kwamba tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi hakuna anayetaja Exetat katika nyumba ile, hata kwenye sala. Baba mdogo alikasirika. Alisema, na nadhani alikuwa na haki kidogo, kwamba anayelipa ana ruhusa ya kuuliza. Nikamwomba aniulize mimi. Akawa ananipigia kila Jumapili saa saba mchana kamili, nami nikajua kwa mwili wangu kile ambacho binti yule alikuwa akikipata.

Kaka nilimpigia mwenyewe. Nilimweleza kwamba dada yake anampenda mno kuweza kumsikiliza. Alinyamaza. Kisha akauliza, bila hasira, "Prof, sasa nimuambie nini?" Sikuwa na jibu tayari. Nikasema, mwambie ulikula nini. Ijumaa iliyofuata alituma dakika nne kuhusu kuku mgumu aliyeuzwa na mama mmoja pale machimboni, na kuhusu mchezo wa Mazembe, timu ya mpira ya Lubumbashi, waliousikiliza kwa redio yenye betri zinazokufa. Feza aliusikiliza mara mbili.

Kwaya ilishindikana. Nilidhani angehudhuria zoezi moja kati ya matatu, lakini mwalimu wa kwaya ana sheria yake: zote au hakuna. Sikuweza kubishana naye, maana anayeimba bila mazoezi anaharibu wimbo wa wengine. Badala yake ikaja safari ya maji ya jioni pamoja na mdogo wake, ambayo hakuna aliyeipanga.

Mwezi wa tano: mtu wa kode

Siwezi kuruka jambo hili, kwa kuwa kila mwaka linakuja. Wiki chache kabla ya kikao alitokea mtu anayeuza "kode", yaani majibu ya mtihani, kwa dola. Baba mdogo alitaka kununua. Nilimwambia karatasi ni za seri tofauti, majibu yanayouzwa barabarani mara nyingi ni ya kubuni, na anayekamatwa anapoteza mwaka. Hakushtuka. Nikamwambia la mwisho: siku Feza akijua umemnunulia kode, atajua kwamba wewe, uliyemwambia kila Jumapili kwamba anaweza, hukuamini hata siku moja. Alinyamaza, akasema ameacha.

Baada ya matokeo alikiri kwamba alikuwa amelipa nusu. Yule mtu hakuonekana tena, na simu yake haikuita.

Matokeo

Sehemu ya nje ya kikao ilipita vizuri. Siku nne za mtihani zilikuwa katika baridi ya kiangazi, asubuhi zile ambazo Lubumbashi inatoa moshi mdomoni, na wafinalisti wamevaa sweta chini ya sare. Feza alilala usiku wa kila siku. Siku ya tatu tumbo lilimkata, akaomba kutoka, akarudi akamaliza.

Matokeo yalifika kwa simu: asilimia 59.

Poda ilimwagwa. Mama alicheza barabarani. Baba mdogo alisema, "Hamsini na tisa?" kwa sauti iliyosikika licha ya vigelegele, kisha akajirudi akatoa soda. Alikuwa na ndoto ya 70 na ya daktari katika ukoo. Kaka alituma ujumbe wa sauti ambao hauna neno hata moja, ni kicheko tu na watu wakipiga masufuria nyuma yake.

Feza sasa yuko kwenye taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, upande wa uuguzi. Udaktari aliuweka pembeni. Alisema hakuwa na hakika kama uliwahi kuwa wake.

Ninavyokisoma kisa hiki sasa

Sitadai kwamba 59 ni kazi yetu. Kuanzia mwezi wa tatu shule nzima inaingia katika marudio ya itemu, na darasani kulikuwa na wengine watatu walioporomoka kipindi cha pili wakapanda tena bila mimi kuwafanyia lolote. Huenda Feza naye angepanda. Ninachoweza kukisema kwa uthabiti ni kwamba alirudi shuleni, alikaa, na alifika mtihanini akiwa amelala. Mwezi wa pili hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na hakika.

Kama ningelazimishwa kuchagua jambo moja lililofanya kazi, lingekuwa simu za kaka. Usingizi ulirudisha akili, daftari la itemu likampa njia, lakini mabadiliko ya uso wake yalianza na kuku yule mgumu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameandika kwa miaka mingi kwamba ari inayodumu inahitaji mtu ahisi anachagua mwenyewe, ahisi anaweza, na ahisi ana watu. Tulimwacha achague unga, na kopo likamwonyesha anaweza. Hili la watu ndilo tulilokuwa tumeliharibu kwa nia njema. Watu alikuwa nao tele, lakini kila mmoja amekuja na karatasi ya madai.

Je, wasimtie mtoto moyo? Wamtie, bila shaka. Feza mwenyewe anasema maneno ya mama yake kabla ya disertasyo yalimsaidia. Tofauti ilikuwa uwiano: zamani maneno kumi kati ya kumi yalikuwa ya mtihani, na lile moja la kweli lilipotea humo.

Ratiba yangu sitaitetea, ingawa nina wanafunzi wengine ambao ratiba ya aina ile inawafaa sana, hasa wale ambao hakuna mtu nyumbani anayewatazama. Kosa langu lilikuwa kutoa dawa kabla ya kuuliza maumivu yako wapi, na kuitoa mbele ya baba. Kama ningemfuata kwa kambo tangu zile siku tatu za kwanza, tungeokoa wiki mbili. Taa ya sola nayo, niseme ukweli, ilikuwa ya Feza kwa mwezi mmoja hivi. Baada ya hapo baba aliihitaji kwa kazi yake na ikawa vita vidogo vya kila alfajiri, na mara mbili alisomea mshumaa.

Liko jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitazama hadi mwaka ulipokwisha. Mdogo wake, yule wa miaka 15, alishindwa hesabu na Kifaransa, akaambiwa arudie somo wakati wa likizo. Miezi mitano alibeba nyumba peke yake ili dada asome, na hata baada ya makubaliano yetu alibeba sehemu kubwa. Katika kikao chetu chote, mimi, baba, mama na baba mdogo, jina lake lilitajwa mara moja tu, pale tulipohitaji mtu wa kuchota maji.

Mwezi wa tisa uliofuata nilimwona mama sokoni, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Aliniuliza habari za nyumbani, akanipimia kilo mbili, kisha akasema mdogo wa Feza bado ana miaka mitatu kufika darasa langu, lakini wameanza kufikiri nani atachekecha unga siku hiyo. Feza amekwisha kujiandikisha: Jumamosi, akitoka stajini, mafunzo yake ya kazi.